Mfalme naye alikuwa na mgao wa maji

Besti, salama? Najua nimekaa kimya mno tangu msiba wa babu, usinune, zamu za usiku huku zinanimaliza, voisi zako nimezisikiliza zote ila kujibu ndo mtihani. Sasa nina shida, na shida yenyewe ni ya fani yako.

Mama Neema na wanakwaya wenzake wanataka niwatembeze Versailles, lile jumba la wafalme wa Ufaransa, eti mimi ndo mwenyeji. Majengo hayanisumbui: Louis wa 13 alianza na kijumba cha kuwindia 1623, baadaye akakijenga upya, mwanaye Louis wa 14 akagoma kubomoa nyumba ya baba akamwambia msanifu wake Le Vau aizungushie jengo jipya, akaja msanifu mwingine, Hardouin-Mansart, na Ukumbi wa Vioo, mita 73, vioo 357, na 1682 serikali nzima ikahamia huko. Hapo watapiga selfi, yameisha.

Mimi nimekwama kwenye maji. Yaani huyo Louis wa 14 yuko sehemu haina mto wa maana, halafu anataka maji yaruke kila kona ya bustani! Ikawa mgao besti, mgao kabisa, mfalme akitembea mafundi wanapigiana filimbi, wanafungulia mbele yake, akishapita wanafunga 😂 Ndo ikajengwa Mashine ya Marly, ikaanza kazi 1684, magurudumu 14 kwenye mto Seine, maji ya mto yanayazungusha, yanaendesha pampu zinazopandisha maji kilimani zaidi ya mita 150, kwa hatua tatu. Kelele zake majirani walikoma. Na bado hayakutosha! Wakapelekwa wanajeshi kwa maelfu kuchimba mfereji toka mto Eure, homa ikawaua wengi, 1688 vita vikazuka mradi ukaachwa, matao ya kubebea maji yapo Maintenon mpaka leo na hayajawahi kupitisha hata tone. Hamisi anasema niache kuhubiri, watu wamefuata dhahabu. Nitahubiri.

Sasa hizo hatua tatu, ni presha? Wangepandisha kwa mkupuo mabomba yangepasuka au? Pampu za kuziba kwa ngozi zinavuja kiasi gani? Wewe ungeanzia wapi pale? Na yule wa Morogoro mmefikia wapi, mbona umempotezea? Mguu wa mama je? Nijibu kabla ya Jumamosi, hata voisi.