Mkiwapa wakimbizi maharage, wapeni na cha kuyapikia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na makanisa na mashirika ya dini yanayohudumia wakimbizi huku kwetu Kasulu. Mimi ni mkulima wa Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu. Nafuga nyuki, na nimo katika umoja wa akina mama wa kanisa letu, ule unaokusanya nguo, sabuni na vyombo kila Kwaresima kwa ajili ya watu wa kambini. Najua furaha ya kutoa. Najua pia kinachofuata baada ya lori la msaada kuondoka.

Jioni moja ya siku ya mgao alifika nyumbani kwangu mama wa Kikongo, amefunga maharage kwenye pembe ya kitenge. Hakuwa anauza. Alitaka kuni, "hata matawi ya muembe, mama." Nilipoyamimina kwenye ungo nikaona ni maharage ya siku nyingi ghalani, yamekunjamana na kupoteza rangi. Mpishi yeyote anayajua hayo: unayaloweka usiku kucha, unayabandika asubuhi, mchana bado yanagoma. Nikamfungia mzigo wa kuni na kumwambia arudi na maharage yake. Akakataa. Alisema akichukua bure leo, wiki ijayo ataona haya kupiga hodi. Akaweka ngata kichwani, nikamtwisha, akaondoka kabla giza halijaingia.

Wanaokuja hivyo ni wengi. Wengine huleta unga, wengine mafuta kwenye kichupa, na wapo wanaolima kibarua kutwa shambani kwa mtu ili walipwe kuni. Kwenye karatasi za mfadhili imeandikwa kwamba familia imepokea chakula cha kutosheleza kipindi fulani. Ukweli ni kwamba sehemu ya chakula hicho inatolewa ili kile kinachobaki kiive. Mgao unapopunguzwa, na miaka hii umepunguzwa mara nyingi, maharage hayaivi haraka zaidi kwa sababu ni machache. Moto ni uleule. Kinachopungua ni sahani ya mtoto.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Wakongo walipovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Iliandaliwa kwa watu 50,000. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walipofurika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kipindupindu kikawakuta pale ufukweni, meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, kisha mabasi yakawaleta huku. Kambi yetu ikapita watu 150,000, na wengine wakapelekwa kambi za Nduta na Mtendeli. Makanisa yalifanya kazi kubwa wakati ule na sitaki mtu asome barua hii akadhani nayabeza. Tangu mwaka 1964, ilipoanzishwa TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, kwa mkono wa Walutheri, watu wa imani wamechimba visima, wamejenga vyoo na kufundisha ufundi katika makambi ya nchi hii bila kumuuliza mkimbizi anasali wapi.

Lakini kila aliyepokelewa alihitaji moto, na moto ulitoka kwenye miti yetu. Mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Sasa mtu ajiulize: watu wengi kiasi hicho, kwa karibu miaka thelathini, ndani ya kilomita nne, wamebakiwa na nini cha kuokota? Miyombo na mininga iliyokuwa karibu imekwisha. Visiki navyo vimeng'olewa. Anayetaka kupika ni lazima avunje masharti, avuke mpaka, aingie kwenye msitu wa hifadhi au kwenye shamba la mtu.

Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia. Mimi nimekuta mti uliobeba mzinga wangu umekatwa, mzinga uko chini umepasuka na nyuki wametawanyika. Nililia kwa hasira. Mzinga mmoja ni sare ya shule ya mtoto. Jirani yangu alikatiwa miembe inayozaa. Kwa hiyo vijana wa vijijini wanapowavizia akina mama wa kambini njiani, wanasema wanalinda mali. Wanawanyang'anya mapanga na kamba, wanawapiga, na wapo wanawake waliobakwa wakitafuta kuni. Jambo hilo halina utetezi wowote na serikali ya kijiji inapaswa kulikemea kwa nguvu kuliko inavyofanya. Wanaotumwa kuni ni wanawake na wasichana, siku hadi siku, kwa sababu baba akikamatwa nje ya kambi anaogopa kufungwa au kurudishwa kwao. Familia inapiga hesabu hiyo mbaya, na msichana ndiye anayeilipa. Siku ya kuni haendi shule.

Niliwahi kuuliza swali hili la kuni mbele ya wageni wa shirika moja la dini waliokuja kukabidhi msaada. Waliniitikia kwa heshima, wakasema nishati si eneo lao, eneo lao ni chakula na mavazi. Nimelifikiria sana jibu lile. Yule mjane wa Sarepta, Eliya alipomkuta langoni mwa mji, alikuwa akiokota kuni. Unga ulikuwa umebaki konzi moja, na hata huo ulihitaji vijiti viwili vya kuupikia. Tunamhubiri kila mwaka kwa ajili ya unga na mafuta, zile kuni tunaziruka.

Ombi langu ni kwamba kila shirika la dini linaloleta chakula kambini litenge fungu la nishati ndani ya bajeti ileile ya chakula. Lisiwe mradi wa pembeni wa kusubiri mfadhili mwingine. Majiko banifu ya udongo yanakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu, na udongo upo, na wako akina mama kambini wanaojua kuyafinyanga kuliko mtaalamu yeyote. Wanachokosa ni malipo ya kazi hiyo na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kuyatengeneza yakipasuka. Maana jiko likipasuka na hakuna wa kulishughulikia, mtu anarudi kwenye mafiga. Mkaa mbadala wa magunzi na mabua nao unawezekana, sisi kila mavuno tunayachoma magunzi shambani bila faida yoyote. Tununulieni.

Na maharage yenyewe yachaguliwe. Anayenunua aulize yamevunwa lini. Mkulima wa Kasulu anavuna maharage mapya yanayoiva upesi, na tunahangaika na walanguzi wanaotulalia bei. Kukoboa dengu au kuleta njegere zilizopasuliwa pia kunaokoa kuni nyingi. Hili halihitaji utafiti mrefu, mtu aketi tu na sufuria mbili jikoni siku moja.

Kubwa zaidi ni miti ya kupandwa. Makanisa yetu huku yana ardhi. Zipo parokia na mitaa yenye ekari ambazo kila masika zinaota nyasi tu. Zikipandwa miti inayokua haraka, kijiji kitavuna kuni na kuziuza kwa mashirika kwa bei ya makubaliano, mashirika yatazigawa kambini pamoja na unga, na msichana hatakuwa na sababu ya kuvuka mpaka. Kijana anayelipwa kutunza shamba la miti hatabaki kumwona mkimbizi kama mwizi wa msitu. Miti itachukua miaka kadhaa, ni kweli. Kambi hii iliitwa ya muda mwaka 1996. Warundi wengi wamerudi kwao, lakini Kivu bado inawaka na Wakongo wapya wameendelea kuja.

Umoja wetu wa akina mama umekubaliana kwamba Kwaresima ijayo hatutakusanya nguo. Tutachangisha fedha za majiko, na tumeomba uongozi wa kanisa utupatie kipande cha ardhi nyuma ya jengo la zamani tuanze kitalu. Hatujapata jibu. Tunaomba tujibiwe kabla mvua za kwanza hazijanyesha, kwa sababu mbegu lazima ziwahi.

Mkulima na mfuga nyuki,
Makere, Kasulu, Kigoma