Mdogo wangu, laini ile usiitupe

Mdogo wangu,

Desemba imepita na hukupanda Kibosho. Nilikusubiri mpaka tarehe 26 mchana ndipo nikajua huji. Baba mdogo aliuliza mara moja tu, nikamwambia umebanwa na kazi, akaendelea kumenya ndizi. Simu zangu hupokei, na namba yako ya zamani sasa haipatikani kabisa. Naandika hapa kwa sababu mkeo ameniambia huwa unasoma.

Wewe si mjinga. Nilipaswa kukwambia hivyo mapema. Alhamisi ile saa kumi jioni hela ya michango ya msiba wa mama ilikuwa kwenye simu yako, unasubiri mtu wa maturubai akutumie namba ya kumlipa. Mvua ya Aprili inamwagika, gari la viti limekwama kwenye tope pale mteremkoni, watu watatu wanakuita kwa pamoja. Ujumbe ukaingia: ile hela tuma kwenye namba hii, yangu ina shida, jina litatokeya fulani. Aliyeutuma hakujua kama tuna msiba, hata jina lako hakulijua. Wanaurusha kwa mamia ya namba kama wavuvi wanavyotupa nyavu usiku, na katika mamia hayo hakosi mmoja ambaye dakika ile ile anadaiwa na mtu. Tena ujanja wenyewe uko kwenye lile jina. Simu inakuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri ili ushtuke, lakini wao wamekutajia mapema, kwa hiyo likitokea ndio kwanza moyo unatulia. Zikaenda 740,000.

Hilo nilikusamehe siku niliyolijua. Kilichonikaa kooni ni Ijumaa. Asubuhi mtu wa maturubai alikwambia hajapata kitu, ukaelewa kilichotokea, nami nilipokuuliza ukanitazama machoni ukasema, "Nimeshamalizana naye, dada." Jumamosi tukamzika mama na hiyo siri umeibeba kifuani. Kwa nini hukunifuata hata kule jikoni kwenye moshi, ukaninong'oneza? Tungepiga 100, huduma kwa wateja, pale pale tukaomba muamala uzuiwe. Hela ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, inaweza kuzuiwa. Huenda zilishatolewa tangu Alhamisi usiku, lakini hatukujaribu, na hilo la kutojaribu ndilo linaloniuma.

Halafu Jumapili usiku. Baba mdogo na daftari la michango, balbu moja inayumba chini ya turubai ambalo halijalipiwa. Hesabu ikapungua, wewe ukasema kuna ujumbe ulikuja. Mimi ndiye niliyesema, "Fungua simu, usome kila mtu asikie." Ukasimama. Kioo cha simu kimepasuka, kwenye ukucha wa kidole gumba bado kuna udongo wa kaburi, na ukasoma taratibu kama ulivyokuwa ukisoma somo kanisani ukiwa darasa la sita. Ulipofika kwenye "litatokeya" mtu kule nyuma akacheka. Sikugeuka kumnyamazisha. Badala yake nikaongeza na langu: "Mtu mzima na akili zake anatumaje hela kwa mtu asiyemjua?"

Mkeo anasema unasema nilikuvua nguo mbele ya ukoo. Nisikilize na mimi. Tangu mchana jikoni walikuwa wananong'ona kwamba hela umezila wewe. Nilitaka wasikie kwa masikio yao kuwa umetapeliwa. Afadhali wacheke kosa lako kuliko wakuite mwizi wa rambirambi ya mama yako. Na maturubai yale nimelipa mimi, kwa mkopo wa kikoba ambao namalizia mwezi ujao, sikumwambia mtu. Lile neno la mwisho halikuwa na kazi, nakubali. Lakini la simu, ningefanyaje? Ungesema mwenyewe Ijumaa, mambo yasingefika pale.

Nimeanza kukasirika tena. Yule mtoto wako mdogo kikohozi kimeisha? Sweta lake ninalo, sijui kama halijamwia dogo.

Jumatatu ile, kabla sijarudi Arusha, nilikwenda polisi peke yangu. Nimesikia watu wakisema ukienda utachekwa. Mimi sikuchekwa. Askari alinisikiliza bila haraka, akasema ni kosa kabisa, lipo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kisha akauliza, simu iliyotuma iko wapi? Mwenyewe yuko wapi? Kwamba aliyetapeliwa aje na ujumbe wake na muamala wake, ndipo apewe RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Nikatoka mikono mitupu.

Wiki iliyopita mama anayeuza ndizi hapa mtaani kwangu Sakina alinionyesha simu yake. Namba ni nyingine, lakini maneno ni yale yale, mpaka "litatokeya". Yeye hakutuma, siku hiyo hakuwa na mtu anayemdai. Tuliiripoti kwa 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, tukiwa tumesimama pale pale kwenye beseni lake. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Laini zote siku hizi zinasajiliwa kwa kidole na namba ya NIDA, kwa hiyo nyuma ya ile namba kuna kitambulisho cha mtu. Huenda hata ni cha bibi wa watu aliyewekeshwa kidole mara mbili bila kujua. Ndiyo maana Krismasi nilikaa na baba mdogo tukabonyeza *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Zilikuwa mbili, zote anazijua. Na wewe bonyeza.

Nitakuja Moshi siku utakayosema, tukutane stendi, twende wote. Huo ujumbe utausomea askari mmoja tu, nami nitakaa pembeni, sitatia neno. Namba haipatikani, sawa, lakini naomba laini yenyewe usiwe umeitupa, na usifute ujumbe hata mmoja.

Dada yako,
Sakina, Arusha