Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Poleni na safari, hasa mliotoka Makete na Ludewa na mvua hizi. Taarifa ya fedha mnayo mkononi na mhazini ataisoma, mimi sitaigusa. Ziara za Rungwe na Kilolo zilikwenda salama. Nina neno refu juu ya gari la kampuni tulilolipanda kwenda uwandani.

Mwezi wa sita tulikwenda kijiji kimoja cha bonde la Usangu, wilayani Mbarali, kuwasikiliza wafugaji na Wasangu wenyeji kuhusu malisho yaliyojikuta ndani ya mipaka ya shamba la mwekezaji. Nauli hatukuwa nayo. Kampuni ikajitolea usafiri, tukashukuru, tukashuka pale kijijini kutoka kwenye gari jeupe lenye nembo mlangoni. Kila tulichouliza tulijibiwa, "Hapa hatuna shida, mama." Tukiwa tunaondoka, bibi mmoja wa Kibarabaig, kabila la wafugaji, alinivuta kando. "Mwanangu, nikikueleza, utamweleza na dereva?"

Aliyekubali lile gari kwa simu ni mimi. Msimlaumu katibu.

Mwezi wa nane tulirudi kwa basi hadi Rujewa, kisha bodaboda. Yule bibi alizungumza tangu ng'ombe walipotolewa zizini hadi jua kali. Alianzia 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani. Ng'ombe waliofia njiani aliwataja mmoja mmoja kwa rangi zao, na mimi na kalamu yangu nikashindwa kwenda naye.

Ndipo tukaomba muhtasari wa mkutano wa kijiji uliohusu ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inasema ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiwe tena chini ya kijiji, na haizidi hekta 250, wa kukubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo kwa Waziri. Karatasi ya mahudhurio tuliyoonyeshwa ilikuwa na sahihi za wino mmoja, mwandiko umelala upande mmoja kuanzia juu hadi chini. Mimi si mtaalamu wa miandiko. Ila mzee tuliyekaa naye alilikuta humo jina la kaka yake, ambaye walishamzika kabla ya tarehe ya mkutano huo.

Kampuni nayo ina la kuonyesha: madawati, na ile hundi kubwa ya mfano waliyopigia picha. Madawati ni mazuri, watoto wameyakalia. Hundi imeziba dirisha lililovunjika la ofisi ya kijiji, tarakimu zikiangalia nje.

Wenzetu wa Chunya, kwenye migodi, wana pa kushika. Tangu marekebisho ya 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mwenye mpunga, miti au parachichi hakimgusi. Nchi yetu ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, azimio linalotaka ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Najua hoja kwamba Tanzania sote ni wenyeji, na sina ugomvi nayo. Lakini dawati haliwezi kuwa jibu kwa mtu anayeulizia malisho.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, asiende mwanachama uwandani kwa gari, mafuta wala posho ya kampuni inayohusika, hata kama ziara itaahirishwa. Pili, nakala za muhtasari tulizopewa zipelekwe kwa mwanasheria wa msaada wa kisheria kabla mtendaji wa kijiji hajahamishwa.

Ada ya mwaka inapanda kwa sababu hiyohiyo ya nauli. Mhazini anapokea sasa hivi, kabla ya chai.