Kisima changu, maji ya mto

La Junta, Colorado
Julai

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu kama mwehu pale ulipouliza: mtu ana kisima chake, kwenye shamba lake, umeme wa pampu analipa mwenyewe, halafu ananunua maji ya mtu mwingine ili yaachwe yapite mtoni? Naam, ndivyo hivyo. Na mkate wangu wa kila siku unatoka humo humo, maana chama cha wenye visima kiliniajiri nipige hesabu za maji hayo.

Bonde hili la mto Arkansas limejaa mchanga na changarawe, kwa hiyo maji ya visima na maji ya mto ni yale yale. Ukivuta kisimani umevuta mtoni, ila mto hauhisi siku hiyo hiyo. Kisima kilicho karibu na ukingo, mto hupungua baada ya siku chache. Kilicho mbali huchukua miezi, hata miaka. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mwanzoni. Mkulima anazima pampu, anaacha kulima kabisa, na bado anadaiwa! Pengo aliloliacha chini ya ardhi bado linasafiri kuelekea mtoni, na siku litakapofika lazima pawe na maji ya kuliziba.

Na mto una wenyewe. Hapa Colorado haki ya maji hufuata tarehe: aliyeanza kuyatumia zamani hupata kwanza, wa nyuma akose. Sisi husema kutangulia si kufika. Huku aliyetangulia ndiye aliyefika. Mifereji mikubwa ilichimbwa tangu karne ya 19, visima vingi vikaja katikati ya karne ya 20. Sheria ya mwaka 1969 ilipoviingiza kwenye foleni hiyo, vilikuta nafasi mkiani.

Lakini aliyewatia watu adabu ni jirani. Jimbo la Kansas liko chini ya mto, na lina mkataba wa maji na Colorado tangu 1948. Mwaka 1985 likafungua kesi Mahakama ya Juu ya Marekani, likidai visima vya huku vinakula maji yake. Mwaka 1995 mahakama ikaipa Kansas haki, mwaka uliofuata Colorado ikatoa kanuni kali za visima, na mwaka 2005 ikailipa Kansas zaidi ya dola milioni 34. Tangu hapo, mwenye kisima asiye na maji ya fidia, yaani ya kuziba lile pengo mtoni, hawashi pampu.

Maji ya fidia wengine hukodi kwa msimu, wengine hununua hisa za mfereji, yaani fungu la maji yake. Usidhani ukinunua hisa unapata kila kilichokuwa kikipita humo. Tuseme shamba lilikuwa likipokea mapipa 100: mahindi yalikunywa 55, na 45 yakapenya ardhini na kurudi mtoni, ambako wa chini wanayategemea. Unachoweza kuhamisha ni yale 55 tu. Na hayo 55 yanathibitishwa kwenye mahakama ya maji, kwa kumbukumbu za miaka mingi, mawakili na wahandisi wakibishana hadi senti ya mwisho ya mkulima. Mimi naona ni utaratibu wa haki, ingawa ni ghali kupindukia.

Kisha shamba lililouza lazima likaushwe, na hapo ndipo moyo unaniuma. Wiki iliyopita nilipelekwa kukagua shamba moja la alfalfa, yale majani ya ng'ombe. Mfereji umefungwa tangu msimu uliopita, lakini majani bado ya kijani! Mizizi yake huenda chini sana, inajinywea yenyewe maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, na kila inachokunywa kinatolewa kwenye fidia tuliyoinunua. Ikabidi nimwambie mzee aliyeuza kwamba majani yauawe. Watoto wake hawataki kulima, ndiyo maana aliuza. Hakubishana nami. Alichouliza tu ni nani atapanda nyasi za asili baadaye, kwa kuwa nazo zinahitaji maji miaka michache ya kwanza hadi zishike. Bila hizo kinachobaki ni magugu na vumbi. Crowley, kaunti ya jirani, miji mikubwa ilinunua maji ya mifereji miongo kadhaa iliyopita, na ukipita huko siku ya upepo unafunga vioo vya gari.

Sikuwa na jibu kamili la kumpa. Mkataba unasema ni sisi, lakini maji ya kuoteshea hizo nyasi hayamo kwenye hesabu niliyoikuta mezani, na bosi wangu ameniambia niiandike upya.

Jumatatu narudi kule kutazama kama majani yamekufa. Nisalimie shemeji na watoto, na uniambie ile pampu yako umeishia kuitengeneza au umeitupa.

Wako,
Idi