Jumamosi tunaenda Kampi ya Samaki

Hamjambo wapendwa. Safari yetu ya kupiga picha Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, ipo. Tunatoka Nakuru saa 10 alfajiri.

Wengi hupiga picha ile migunga iliyokauka majini, wakaondoka. Picha tamu, ila haielezi kitu. Ziwa limepanda tangu miaka ya 2010, hasa kwa mvua zilizozidi, na kufikia 2020 lilikuwa limemeza nyumba, hoteli na mashamba. Hata twiga wa kisiwa cha Longicharo, humo ziwani, ilibidi wavushwe kwa chelezo. Sisi tutafute alama ya maji ukutani, mlango uliozibwa na tope, njia mpya ya watoto kwenda shule. Mwenye picha ya zamani ya pale aje nayo. Tutasimama palepale tupige upya. Hizo mbili zikiwekwa pamoja ndizo ushahidi.

Tafadhalini, ombeni ruhusa kwanza. Wenyeji wamepoteza ardhi ya wazee wao, tusiwafanye pambo. Tarehe na mahali viandikwe siku hiyohiyo. Na ufukweni asiende mtu peke yake, mamba na viboko wapo.

Anayekuja ajibu kabla ya Alhamisi jioni, nijue viti vya matatu.