Maji ya kwanza ya kijito yasichotwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu vijito vinavyokatika kiangazi. Tunavipuuza kwa kuwa ni vidogo, ilhali ndivyo vinavyolisha mito yetu. Na mito yenyewe inafuata njia hiyo hiyo: Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 hukauka karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Tunazungumzia wingi wa maji tu. Mimi nahofia kilichomo ndani yake. Mkondo ukikatika hubaki vidimbwi. Jua linavuta maji, chumvi inakolea. Majani yanaoza chini, oksijeni inakwisha, na chuma kilichoshikamana na tope huyeyuka. Chota kikombe cha maji ya chini ya dimbwi: mwanzoni ni maangavu, ukiyaacha kidogo yanageuka rangi ya kutu.

Hatari zaidi huja na mvua ya kwanza. Majani, samadi na naitreti (chumvi za naitrojeni) vilivyorundikana miezi yote kwenye mchanga mkavu husombwa kwa saa chache. Maji yanashuka meusi kama chai ya rangi, yananuka, na akina mama wanayakimbilia na ndoo, wakishangilia kwamba kijito kimerudi.

Naziomba bodi za maji za mabonde zipime siku hizo hasa, si wiki mbili baadaye yakishatulia. Na wanakijiji watangaziwe mapema wayaache ya kwanza yapite.

Msomaji wako,
Morogoro