Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: andikeni bei ya fundi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Chikongola. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na huu ni mwaka wa ishirini niko kwenye kazi hii. Mageti, madirisha, madawati, matangi ya maji, bodi za malori, vyote vimepita mikononi mwangu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe, malipo ya mafundi kwenye kazi za umma, si langu peke yangu, na kwa sababu halmashauri zote tisa za mkoa huu ziko chini ya macho yako. Ukitamka wewe, wahandisi wao wanasikia.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada. Huku kwetu Kusini unajua mjomba ni nani kwa mpwa wake. Kazi hii mimi nilirithishwa na mjomba wangu, na kijana alipomaliza kidato cha nne nikaona zamu yangu imefika. Sikutaka ajifunze kwa njia niliyojifunza mimi, ya kulala na macho yanayowaka kama yametiwa mchanga kwa sababu hapakuwa na kioo cha kujikinga. Tukachanga na mama yake kwa fedha za korosho za misimu miwili, akaenda VETA, chuo cha ufundi stadi, akatoka na cheti cha ngazi ya pili cha uchomeleaji na uundaji vyuma. Nikamnunulia mashine.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya madarasa, katika kijiji kimoja wilaya ya Tandahimba. Siku ya malipo alirudi usiku, akahesabu noti mezani. Alilipwa shilingi 12,000 kwa siku. Kijana aliyekuwa akimshikia vyuma, aliyeanza Jumatatu ile ile na hajawahi kushika mashine maishani mwake, alilipwa 10,000. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, ile miaka miwili ya chuo ndiyo hii elfu mbili?"

Sikuwa na jibu, Mheshimiwa. Leo anaendesha bodaboda. Anampelekea mwenye pikipiki hesabu yake, anatia mafuta, na kinachobaki kinakaribiana na ile elfu kumi na mbili, ila anakishika jioni hiyo hiyo. Mashine iko pembeni ya chumba changu, imefunikwa gunia. Kila nikiiona naumia.

Watu husema vijana hawataki kazi za mikono. Wa kwangu alizitaka, akasomea, akafaulu. Alichokikimbia ni bei.

Nieleze bei hiyo inavyopatikana, maana hapa ndipo ninapokuomba unisikilize zaidi. Kwa fundi wa kijijini na wa mji mdogo, mwajiri mkubwa ni Serikali, kupitia fosi akaunti, yaani ule utaratibu wa kujenga kwa kamati na mafundi wa mitaani badala ya mkandarasi. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa la sekondari likitengewa shilingi milioni 20, na sisi mafundi wa mitaani ndio tuliojenga. Nilifanya kazi kwenye mawili kati ya hayo. Nilijivunia, na bado najivunia nikipita njia ile na kuona watoto dirishani.

Lakini angalia makubaliano yanavyokwenda. Saruji ina bei yake dukani. Nondo ina bei yake, bati la geji 28 lina bei yake, na hakuna kamati ya ujenzi inayoweza kumwambia muuza duka apunguze nusu. Mstari mmoja tu kwenye ile karatasi ndio unaobonyea ukiubonyeza: ufundi. Saruji ikipanda, pengo linajazwa kutoka kwenye ufundi. Usafiri wa mchanga ukizidi, linajazwa kutoka humo humo. Mafundi watatu tunaitwa chini ya mwembe, tunaulizwa kila mmoja atafanya kwa shilingi ngapi, na anayetaja ndogo ndiye anayechukua. Hakuna anayeuliza nani ana cheti, wala kuomba kuona kazi tuliyofanya mwaka jana.

Kisha fedha hazitoki. "Haijaingia." "Mfumo unasumbua." Wakati huo mimi nimeshamlipa saidia fundi kutoka mfukoni, kwa sababu yeye ana watoto na hawezi kula ahadi ya mtu mwingine. Nimewahi kusubiri miezi mitano malipo ya madirisha ambayo wanafunzi walikuwa wanayafungua na kuyafunga kila siku. Sitaitaja shule, kwa kuwa mwalimu mkuu naye alikuwa akihangaika kama mimi.

Matokeo yake yanaonekana kwenye chuma chenyewe. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, siku ya ziara yako inama utazame kona ya grili ya dirisha la darasa. Fundi aliyelipwa vizuri anachomelea kona yote, mstari unakuwa na mawimbi madogo yanayofanana, kisha anausugua kwa grainda na kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Aliyelipwa kwa kuminywa anapiga nukta mbili kila kona, anapaka rangi haraka nukta zisionekane, anawahi kazi nyingine. Nukta hizo zinashika mwaka mmoja, kwa hewa yetu ya chumvi pengine chini ya hapo. Nasema hivi nikijua nawavua nguo wenzangu, lakini nimeshaona grili ikibaki mkononi mwa mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa ameiegemea tu. Nilikwenda kuitengeneza bila malipo. Haikuwa kazi yangu, lakini sikuweza kulala.

Na soko linajua kutofautisha ujuzi. Siku hizi wanaotulisha sana ni madereva wa malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini kutoka Ruvuma. Bodi ikipasuka, dereva anafika kwangu saa tatu usiku na anataka kuondoka alfajiri. Kazi ya saa mbili ananilipa 40,000 bila kubishana, maana anajua mchomeleo ukiachia njiani atapoteza siku nzima na mzigo. Mwenye geti la nyumba msimu wa korosho ni hivyo hivyo, anazunguka mtaani anatazama kazi za watu kwanza, ndipo anakuja kwangu. Wao huuliza nani anaweza. Kwenye kazi za umma tunaulizwa nani ni rahisi.

Msimu huo wa korosho nao ni wa miezi michache. Minada ikianza Oktoba watu wanapata fedha, wanajenga, wanaagiza mageti, hadi Januari tuko juu. Mvua zikishika na fedha za korosho zikiisha, mtaa unanyamaza. Miezi hiyo kazi ya Serikali ndiyo ingemshika fundi asiuze mashine.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2013 bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilipokuwa linajengwa, nilikwenda kutafuta kazi kwa mkandarasi mdogo aliyekuwa na kipande chake. Mji huu ulikuwa umetoka kwenye machungu ya vurugu za gesi za mwaka ule, unayajua. Nilikuwa na miaka saba ya kuchomelea, lakini sikuwa na karatasi. Nikaambiwa nafasi iliyopo ni ya saidia fundi. Nikaichukua. Kazi yangu ilikuwa kusugua midomo ya mabomba hadi ing'ae, kisha kukaa pembeni na kutazama watu wengine wakichomelea.

Nilitazama kwa makini, na sikuwachukia, kwa kuwa kazi yao ilikuwa safi. Nikajua kuna jaribio linaitwa 6G. Bomba linafungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, haligeuzwi. Fundi ndiye anayelizunguka: anasimama, anapiga magoti, analala chali cheche zikimwangukia kifuani, na mkono usitetemeke. Safu ya kwanza, ya ndani kabisa, ndiyo inayowaangusha wengi. Inapigwa picha kama ya eksirei hospitalini, na tundu dogo kuliko punje ya mtama linaweza kukufelisha. Niliamini ninaweza kufika pale nikifundishwa. Sikupata pa kufundishiwa. Oktoba 2015 mradi ukazinduliwa, mitambo ikafungwa mizigo, nikarudi Chikongola na grainda yangu.

Wazee wetu waliyaona haya kabla yetu. Bandari hii na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kata ya Reli ipo mpaka leo hapa mjini, treni hakuna. Na namfahamu kijana mmoja wa Mtonya aliyevuka mto Ruvuma kwenda kutafuta kazi Palma, kwenye gesi ya Msumbiji. Mashambulizi ya Machi 2021 yakamrudisha na nguo alizovaa.

Sasa tunasikia mengine yanakuja au yameshaanza: barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, bandari ya Kisiwa Mgao, reli ya kwenda Mbamba Bay, na jirani zetu wa Lindi wana mradi wao wa LNG, gesi ya kugeuzwa kimiminika, huko Likong'o, unaotajwa kwa mabilioni ya dola. Sheria ya Petroli ya 2015 inatutaka Watanzania tupewe kipaumbele. Lakini hakuna mkandarasi atakayenikabidhi bomba la gesi kwa sababu nimezaliwa Newala. Tukingoja mitambo ifike ndipo tuanze kutafuta vyeti, tutasugua midomo ya mabomba tena.

Kwa hili la vyeti Serikali imefanya jambo jema, na nalishukuru. Kupitia urasimishaji ujuzi, ule mpango wa Ofisi ya Waziri Mkuu na VETA wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, mimi leo ninacho changu. Nilikitundika ukutani kibandani. Tatizo ni kwamba tangu nikitundike hakuna kazi ya umma hata moja iliyonilipa tofauti kwa sababu yake. Waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea wanakatwa asilimia 3.5 ya mishahara kwa jina la kuendeleza ufundi stadi. Ujuzi unaotafutiwa fedha namna hiyo, mbona ukishapatikana hauna bei?

Najua utaambiwa kima cha chini kimepandishwa. Kweli, cha watumishi wa umma kilipanda hadi 500,000 Julai 2025, na cha sekta binafsi nacho kimeongezwa kuanzia Januari 2026. Nawapongeza waliofikiwa. Lakini kima cha chini ni sakafu ya sekta, hakisemi mwenye cheti azidi kiasi gani asiye nacho. Na fundi wa siku hana mkataba wa mwezi wa kukidai. Ana neno la mdomo chini ya mwembe.

Ombi langu ni hili. Agiza kila kazi ya ujenzi ya halmashauri za Mtwara iwe na bei ya ufundi iliyoandikwa kwa siku, kwa ngazi: saidia fundi, fundi, fundi mwenye cheti cha VETA au cha urasimishaji. Mhandisi aipange kama anavyopanga bei ya nondo, na kamati isiwe na ruhusa ya kuishusha. Karatasi hiyo ibandikwe pale kwenye eneo la kazi kila mtu aisome. Na malipo yawe na siku yake, kazi ikishakaguliwa.

Utaambiwa bajeti haitoshi. Nimepiga hesabu kwa upande wangu. Madirisha na milango ya darasa moja hunichukua siku kumi hivi. Ukiniongezea 8,000 kwa siku ni shilingi 80,000, na katika milioni 20 hiyo haifiki nusu ya asilimia moja. Tia na waashi na maseremala, tuseme siku mia moja za mafundi wote, ni laki nane, asilimia nne. Grili ikidumu miaka kumi badala ya mmoja, fedha hiyo imerudi.

Na hapo VETA, nakuomba uwasukume wao na wawekezaji waliopo waweke mafunzo na jaribio la 6G hapa hapa Mtwara, jioni, kwa mafundi wanaoshinda kazini mchana. Nitalipa ada yangu. Wapo wengi tutakaolipa.

Tungependa kukaa nawe, mafundi wachache wa kila wilaya, wahandisi wa halmashauri na afisa kazi, kabla ya minada ya Oktoba, maana baada ya hapo kila mtu atakuwa juu ya ngazi. Vyeti vyetu tutakuja navyo, na vipande vya kazi zetu uvikague. Mpwa wangu amesema siku hiyo pikipiki ataiacha kwa mwenye nayo, aje na chake.

Wako mtiifu,
Fundi wa kuchomelea, Chikongola, Mtwara